Jaji Isaac Parker: vitanzi 79, halafu anasema hapendi adhabu ya kifo. Tumwelewe vipi?

#1 Kibatari
Wakuu, habari za jioni.

Jana umeme ulikatika, nikabaki na simu yenye chaji asilimia 40 na makala moja ndefu niliyokuwa nimeihifadhi. Inamhusu Isaac Parker, jaji wa mahakama ya shirikisho ya Marekani pale Fort Smith, Arkansas, kuanzia 1875 hadi 1896. Kwa miaka 21 alitoa adhabu ya kifo kwa watu 160. Wenzake wakambandika jina la Jaji wa Kitanzi, na hadi leo halijabanduka.

Kilichoninyima usingizi si hiyo 160. Mwaka huohuo aliokufa, akiwa mgonjwa kitandani, alimwambia mwandishi wa habari kwamba hata yeye angeunga mkono adhabu ya kifo ifutwe, mradi mkosaji awe na uhakika kwamba adhabu, iwe ipi, itamfika.

Sasa nauliza: alikuwa mnafiki, alikuwa amechoka, au kuna kitu cha kazi ya ujaji ambacho sisi wa nje hatukioni? Wanasheria wa humu njooni. Na wasio wanasheria pia, maana ndio wabishi zaidi.

#2 Mzee wa Kijiweni
Natia nanga. Kahawa ipo, kashata ipo.

#3 Chumvi Nyingi
Watu 160 kwa miaka 21 ni mmoja kila mwezi na nusu hivi. Huyo hakuwa jaji, alikuwa na bucha.

#4 Wakili wa Mchongo
Chumvi #3, punguza jina lako kidogo. 160 ndio waliohukumiwa, walionyongwa ni 79. Waliobaki, wengine Rais aliwapunguzia adhabu au kuwasamehe, wengine walishinda rufaa, wengine walifia mahabusu. Kati ya 160 walikuwemo wanawake wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyepanda jukwaani.

Halafu tazama upande wa pili wa daftari. Kesi zilizopita mezani kwake ni 13,490. Zaidi ya 8,500 ziliisha kwa mtu kutiwa hatiani au kukiri. Sehemu kubwa ni wizi wa farasi, magendo ya pombe na mambo ya kupigana. Ukitazama vitanzi tu utadhani alikuwa hafanyi kazi nyingine.

La msingi ni hili: sheria ya shirikisho ya wakati ule ilisema ukitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia au kwa kubaka, adhabu ni kifo. Hakuna "kifo au maisha". Anayesema una hatia ni juri, lile jopo la raia 12. Jaji kazi yake ni kusoma kilichoandikwa. Sheria hiyo ilikuja kulegezwa Januari 1897, juri ikaruhusiwa kuongeza maneno "bila adhabu ya kifo". Parker alikuwa kaburini miezi miwili.

Kwa hiyo Kibatari, si mnafiki. Alitumikia sheria asiyoitunga.

#5 Omosh wa Umoja
Wasee wa Bongo, hii sisi tunaijua vizuri. Huku Kenya ilikuwa hivyohivyo mpaka Supreme Court ilipoamua kesi ya Muruatetu Desemba 2017, kwamba kumfunga jaji mikono asiweze kutoa adhabu nyingine ni kinyume cha katiba. Kabla ya hapo jaji alikuwa anasoma tu. Sasa tuwaite wote majaji wa kitanzi?

#6 Wakili wa Mchongo
@Omosh, hapohapo. Na kwetu, Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitoa uamuzi wa namna hiyo dhidi ya Tanzania Novemba 2019. Ila tusihame, tubaki Arkansas.

#7 Nyakanga
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mada. Arkansas ni jimbo lina mahakama zake. Jaji wa shirikisho alipata wapi mauaji yote hayo? Ninavyojua mauaji Marekani ni kesi za jimbo.

#8 Kibatari
Swali zuri, na ndio utamu wenyewe. Parker hakuwa anahukumu watu wa Arkansas tu. Wilaya yake, Arkansas Magharibi, ilibeba pia Indian Territory, eneo ambalo leo ni Oklahoma, kama maili za mraba 74,000. Ndiko serikali ilikowahamishia Wahindi Wekundu kwa nguvu miaka ya 1830: Wacherokee, Wachoctaw, Wachickasaw, Wacreek na Waseminole. Mataifa hayo matano yalikuwa na mabaraza yao, polisi wao na mahakama zao. Lakini mahakama zao zilikuwa na mamlaka juu ya raia wao tu. Mzungu akiua Mcherokee, au Mcherokee akimuua mzungu, kesi inasafirishwa hadi Fort Smith.

Sasa mhalifu wa Texas au Missouri akitafutwa kwao anakimbilia wapi? Anavuka mpaka, anaingia kule ambako mwenyeji hana ruhusa ya kumgusa.

#9 Bint Mkunazini
Kibatari, "Wahindi Wekundu" tuiache kwenye vitabu vya zamani. Taja mataifa yao kwa majina kama ulivyofanya baadaye, inatosha.

Halafu hayo ya mwenyeji kutomgusa mgeni nayajua kwa karibu. Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, uliofungwa na Edmund Roberts, ulisema Wamarekani wakigombana wao kwa wao, mwamuzi ni konsuli wao. Konsuli wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, alifika Unguja 1837. Kadhi amekaa barazani kwake, Wamarekani wanadaiana pale forodhani, na yeye hana la kusema. Cherokee na Unguja, maji mamoja.

#10 Kibatari
Nimepokea, bibie. Narekebisha.

#11 Chumvi Nyingi
@Bint Mkunazini kila uzi lazima uufikishe Forodhani. Siku moja tutazungumzia mwezini utatuambia kuna mkataba wa Sayyid.

#12 Bint Mkunazini
Ukitafuta vizuri utaukuta.

#13 Mpiga Mbizi
Naomba nimpinge Wakili #4. "Alitumikia sheria tu" ni nusu ya habari. Kutoka 1875 hadi 1889 mtu aliyehukumiwa kifo Fort Smith hakuwa na pa kukata rufaa. Hapakuwa na mahakama juu yake kwa kesi za kunyongwa. Njia pekee ilikuwa kumwandikia Rais aombe huruma. Jaji mmoja, juri moja, kitanzi.

Mwaka 1889 Kongresi ikafungua mlango wa rufaa kwenda Mahakama ya Juu. Kilichofuata? Hukumu zake zikaanza kurudishwa moja baada ya nyingine. Kama kazi ilikuwa kusoma tu kilichoandikwa, mbona zilirudi nyingi hivyo?

#14 Wakili wa Mchongo
Zilirudi kwa makosa ya maelekezo kwa juri. Mengine ya kiufundi kabisa.

#15 Mpiga Mbizi
Ya kiufundi? Chukua kesi ya Alberty, 1896. Parker aliwaambia wazee wa juri kwamba mtu akikimbia baada ya tukio hiyo ni dalili ya hatia, akaegemea Mithali 28:1: "Waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu, bali wenye haki ni wajasiri kama simba." Mahakama ya Juu ikamjibu kwamba hiyo si kanuni ya sheria ya jinai. Mtu mwema naye hukimbia, kwa woga, kwa aibu, kwa kuogopa kutoaminiwa. Sasa mweke kijana mweusi wa mwaka 1890 mbele ya wazungu wenye bunduki. Asikimbie ana wazimu?

Huo si ufundi. Huyo ni jaji anayewasukuma raia 12 kwa mgongo. Maelekezo yake yalikuwa marefu kama hotuba ya harusi, na mwisho wa hotuba kila mtu anajua bwana harusi ni nani.

#16 Mzee wa Kijiweni
"Anajua bwana harusi ni nani" 😂 Hii naiba.

#17 Mstaafu wa Isamilo
Vijana, shikamooni hamniamkii lakini nitaandika hivyohivyo.

Miaka ya tisini nilikuwa mzee wa baraza kwenye kikao cha Mahakama Kuu, mkoa siutaji. Kesi ya mauaji ya shambani, ugomvi wa mpaka. Tulikuwa watatu. Siku ya mwisho jaji alitusomea muhtasari, alitumia karibu saa nzima. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Lakini alipofika kwa shahidi wa upande wa mashtaka alisema "mlimsikia wenyewe". Alipofika kwa mshtakiwa akasema "yeye anadai". Nikamwangalia mwenzangu, naye akaniangalia.

Wote watatu tukasema hana hatia. Jaji akaandika ana hatia, maana kwetu maoni ya wazee hayamfungi. Akavaa uso uleule akasoma kunyongwa hadi kufa. Mshtakiwa hakulia. Mkewe alikuwa nje anauza maandazi pale getini, hakujua kama kesi imefika mwisho.

Kwa hiyo namwelewa Mpiga Mbizi. Jaji hana haja ya kusema uongo. "Mlimsikia" na "anadai" yanatosha.

#18 Nyakanga
Shikamoo mzee. Yule mshtakiwa alinyongwa?

#19 Omosh wa Umoja
Hii thread imekuwa moto sasa.

#20 Dereva wa I-40
Wakuu, mimi naishi Tulsa, naendesha lori, Fort Smith napita karibu kila wiki. Pale kuna hifadhi ya kumbukumbu ya taifa. Mahakama ipo, ni jengo la zamani la kambi ya jeshi, na chini yake ndiyo mahabusu ya kwanza. Vyumba viwili vikubwa vya chini ya ardhi, dari fupi. Watu walirundikwa humo majira ya joto ya Arkansas, mnajua hamjui, joto la kule linashinda la Morogoro mwezi wa pili. Gereza hilo lilijulikana kwa jina la Jehanamu ya Mpakani. Binti mmoja wa seneta, Anna Dawes, alilitembelea akaandika yaliyomo, na kelele za aina hiyo zikachangia Kongresi kutoa fedha za gereza jipya, likafunguliwa 1888.

Jukwaa la kunyongea nalo lipo, limejengwa upya kwa mfano. Nilisimama chini yake nikahesabu urefu wa boriti. La asili lilitengenezwa liweze kubeba watu kumi na wawili kwa mkupuo. Nikawaza fundi seremala aliyepewa hiyo tenda, aliulizwa nini nyumbani jioni?

#21 Chumvi Nyingi
Kumi na wawili kwa mkupuo na bado mnaniambia si bucha.

#22 Kibatari
Hawakuwahi kufika 12. Waliofungua dimba ni sita, 3 Septemba 1875, miezi minne tu tangu Parker aingie mjini. Wazungu, mweusi na wenyeji wa asili wakasimama mstari mmoja. Watazamaji walizidi 5,000, na waandishi walikuja hadi kutoka St. Louis. Walikuwa wanane waliohukumiwa, mmoja akauawa akijaribu kutoroka na mwingine akapunguziwa kwa sababu ya umri mdogo. Jina la Jaji wa Kitanzi lilizaliwa siku ile. Miaka 21 iliyofuata alikuwa analibeba tu.

#23 Salama Salmini
Mimi nina maelezo tofauti kabisa, na ni ya kisiasa. Huyu bwana alizaliwa Ohio 1838, akahamia St. Joseph, Missouri, akawa mwanasheria wa mji, mwendesha mashtaka, jaji wa jimbo, halafu mbunge wa Kongresi mihula miwili, 1871 hadi 1875. Alianzia chama cha Democratic akahamia Republican wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. 1874 upepo wa Missouri umegeukia Democratic, kiti hakishikiki tena. Mbunge aliyepoteza kiti anafanya nini? Anabisha hodi kwa Rais. Grant akamteua kuwa jaji mkuu wa Utah, yeye akaomba apelekwe Fort Smith badala yake.

Na kwa nini Fort Smith ilikuwa wazi? Mtangulizi wake, William Story, alijiuzulu kwa tuhuma za rushwa kabla bunge halijamwondoa. Mahakama imeoza, fedha zimeliwa. Ukiingia ofisi ya namna hiyo na miaka 36, lazima uonyeshe kwamba zama zimebadilika. Kuwanyonga sita kwa siku moja ni tangazo.

#24 Wakili wa Mchongo
Tangazo la nani? Aliyetia hatiani ni juri.

#25 Salama Salmini
Tarehe ya kunyonga wote sita asubuhi moja aliipanga juri?

#26 Mzee wa Kijiweni
Wakili kaguswa.

#27 Tarishi Mkongwe
Wengi mnamtazama jaji. Mimi niliyepeleka samansi miaka kumi na tisa natazama waliokuwa barabarani. Marshali wasaidizi wa Parker, yaani maafisa wa shirikisho waliotumwa kukamata watu, hawakuwa na mshahara. Walilipwa kwa mafungu: senti 6 kwa maili wakiwa kazini, dola 2 kwa kila aliyekamatwa. Wanaondoka na gari la farasi, mpishi na hati mfukoni, wanazunguka wiki kadhaa, wanarudi na mahabusu wamefungwa minyororo. Ukimuua unayemfuata, ujira wa kumkamata umepotea na huenda gharama za mazishi zikawa zako.

Kwa hiyo mnaposema "mahakama ya damu", jueni mfumo wenyewe ulimlipa mtu kwa kukamata wengi, hata kwa chupa moja ya wiski. Ndio maana kesi zilifika 13,490. Na mji wa Fort Smith uliishi kwa hiyo mahakama: mashahidi wanalala hotelini, juri wanakula, farasi wanakula. Jaji mwenyewe alianza na dola 3,500 kwa mwaka.

Marshali waliouawa kazini? Hesabu inayotajwa sana ni 65, wengine wanafika zaidi ya 100.

Mimi nilikuwa nadaiwa tiketi ya basi ndipo nirudishiwe nauli, na basi lenyewe halina tiketi.

#28 Omosh wa Umoja
Hapo kwa marshali mmesahau Bass Reeves! Mweusi, alizaliwa mtumwa, hajui kusoma, anakariri hati zote kichwani, na amekamata watu zaidi ya 3,000. Alimkamata hadi mtoto wake wa kumzaa akampeleka kwa Parker.

#29 Kibatari
Omosh, yote sawa isipokuwa mwisho. Mwanawe, Bennie, alikamatwa kwa kumuua mkewe mwaka 1902, Parker amekufa miaka sita nyuma. Kesi ilikuwa Muskogee, mji wa Indian Territory. Aliyesimama mbele ya Parker ni Reeves mwenyewe, 1887, kwa kumpiga risasi mpishi wake wa safari. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Juri ikamwachia.

Na Reeves na Parker walizaliwa mwaka mmoja, 1838.

#30 Dereva wa I-40
Sanamu ya Reeves iko katikati ya mji, amepanda farasi, na mbwa pembeni. Ya Jaji sikuiona ikiwa na ukubwa ule. Jichukulieni mnavyotaka.

#31 Mpiga Mbizi
Narudi kwa swali la #1, maana mmelikimbia. Kwa nini aseme hapendi adhabu ya kifo? Tazameni ameyasema lini. Julai 1895 kijana anayeitwa Cherokee Bill, jina halisi Crawford Goldsby, alikuwa gerezani Fort Smith akisubiri rufaa yake. Akaingiziwa bastola, akamuua askari magereza Lawrence Keating. Mfungwa mwingine, Henry Starr, ndiye aliyemshawishi aisalimishe. Parker akaenda magazetini, akailaumu Mahakama ya Juu waziwazi: kama si rufaa zenu, Keating angekuwa hai. Akabishana hadharani na watu wa Wizara ya Sheria. Jaji wa chini anawagombeza wakubwa wake gazetini!

Kwa hiyo alivyosema "uhakika wa adhabu" hakuwa analainika. Alikuwa bado anapigana vita ileile: mnachelewesha.

#32 Salama Salmini
Hapo nakubaliana. Ila kumbuka pia alikuwa ananyang'anywa eneo. 1883 walimkatia kipande, 1889 wakaweka mahakama Muskogee, na 1 Septemba 1896 Indian Territory yote ikatoka mikononi mwake. Siku ile alikuwa kitandani, hakuweza hata kwenda kufunga kikao. Akafa 17 Novemba. Mtu anayeona kazi yake ya miaka 21 inavunjwa atasema mengi.

#33 Wakili wa Mchongo
Nyote mnamsoma kama mwanasiasa. Huyuhuyu akiwa bungeni alipeleka muswada wanawake wa maeneo yasiyo majimbo wapige kura na kushika nyadhifa, miaka ya 1870! Fort Smith alikuwa kwenye bodi ya shule. Na inaelezwa alipozikwa, Pleasant Porter, kiongozi wa Wacreek, aliweka maua ya porini kaburini. Wenyeji wangemwekea maua bucha?

#34 Bint Mkunazini
Au walimwekea kwa sababu walijua anayekuja baada yake ni mbaya zaidi. Mahakama ya Fort Smith ilikuwa inawafukuza wavamizi angalau. Baada yake ardhi yao ikagawanywa viwanja viwanja na 1907 ikawa jimbo la Oklahoma. Nyingi ya mahakama zao zilizimwa.

#35 Dereva wa I-40
Bint, na 2020 Mahakama ya Juu, kesi ya McGirt, ikasema ardhi ya Wacreek kwa sheria ya jinai haikuwahi kufutwa. Tulsa ninakolala sehemu kubwa imo humo. Siku hizi mwenyeji akikamatwa hapa swali la kwanza ni lilelile la Parker: wewe raia wa taifa gani?

#36 Chumvi Nyingi
Haya nimenyamaza muda mrefu, mnastahili hadithi. Mnyongaji wa Parker, George Maledon, aliyewanyonga watu kama 60, binti yake Annie aliuawa 1895 na mwanamume aitwaye Frank Carver. Parker akampa Carver kitanzi. Rufaa ikaenda juu, hukumu ikatupwa, mwisho wa yote Carver akapata kifungo cha maisha. Kamba anazo baba nyumbani, na kwa huyu mmoja hakuitwa.

#37 Nyakanga
Duh.

Mzee wa Isamilo #17, bado nasubiri jibu lako.

#38 Mstaafu wa Isamilo
Nilikuwa natafuta miwani, binti yangu.

Hakunyongwa. Alikata rufaa, ikachukua miaka, Mahakama ya Rufani ikamwachia. Nilikutana naye sokoni anauza dagaa, akanitambua kabla sijamtambua. Akanifungia kilo moja akakataa hela. Sikujua niseme nini, nikamuuliza bei ya dagaa imepanda au imeshuka.

Na Tarishi #27, wewe nauli ulirudishiwa? Mimi posho ya siku ya tatu ya kikao kile naidai mpaka leo.

#39 Tarishi Mkongwe
Mzee, una risiti?